Kipekuzi cha kumbukumbu: yanayosemwa na yalivyo kweli

Programu inayopekua kumbukumbu ya programu nyingine, ikatafuta namba fulani na kutaja anwani ilipo, huandikika kwa mistari michache tu ya C. Kusoma baiti si kazi. Kazi ni kujua usome wapi, uruke wapi, na usomaji ukigoma ufanye nini. Hapo ndipo dhana potofu nyingi zilipo.

"Lazima uwe na haki za msimamizi." Si lazima. Kwenye Windows, mchakato (programu inayokimbia) ulioanzishwa na mtumiaji yuleyule, kwa kiwango kilekile cha mamlaka, kwa kawaida hufunguka bila haki hizo. Kwa kusoma tu, OpenProcess, yaani wito wa Windows wa kufungua mchakato, inahitaji ruhusa mbili: PROCESS_QUERY_INFORMATION (0x0400) na PROCESS_VM_READ (0x0010). Wengi huomba PROCESS_ALL_ACCESS (ruhusa zote) kwa mazoea, wakikataliwa kwa kosa namba 5 wanadhani mlango umefungwa kabisa, kumbe wameomba kuliko wanachohitaji. Kinyume chake pia ni kweli: iko michakato iliyolindwa ambayo hata msimamizi hapewi ruhusa ya kuisoma.

Ubuntu ina kizuizi chake. Faili /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope huwa na thamani 1, maana yake mtumiaji wa kawaida anasoma tu michakato iliyozaliwa na programu yake. Usikimbilie kuweka 0 kwa mashine nzima. Fanya kipekuzi chenyewe ndicho kianzishe programu ya majaribio uliyoiandika, na tatizo litakuwa limekwisha.

"Anza anwani sifuri, soma mpaka mwisho." Hii ndiyo inayoua vipekuzi vingi. Mchakato wa biti 64 kwenye Windows 8.1 na matoleo ya baadaye una nafasi ya anwani ya TiB 128, na karibu yote ni tupu. Hata ukikagua ukurasa mmoja mmoja wa baiti 4,096, ni maulizo zaidi ya bilioni 34.

Njia sahihi ni kuuliza VirtualQueryEx, wito mwingine wa Windows. Inakujibu kwa eneo zima: linaanzia wapi, lina ukubwa gani, liko katika hali gani na lina ulinzi gani. Anwani ya kuuliza inayofuata ni BaseAddress + RegionSize, na unaacha pale inaporudisha 0. Chukua maeneo ya MEM_COMMIT (yenye kumbukumbu iliyotengwa kweli) peke yake, ruka PAGE_NOACCESS (yasiyoruhusu kuguswa) na PAGE_GUARD (yenye ulinzi wa kutahadharisha yakiguswa). Angalia mtego: PAGE_GUARD (0x100) ni biti inayoongezwa juu ya ulinzi mwingine, hivyo ipime kwa & wala si kwa ==. Na anayechuja kwa PAGE_READWRITE pekee atakosa vigeu vya jumla ambavyo havijaandikwa bado, kwa sababu kurasa zake hukaa kama PAGE_WRITECOPY mpaka ziguswe.

Linux huyaweka hayo wazi katika /proc/PID/maps (PID ni namba ya mchakato):

7f3c8a000000-7f3c8a021000 rw-p 00000000 00:00 0

Toa anwani ya kwanza kwenye ya pili: 0x21000, yaani baiti 135,168, kurasa 33 kamili. Anwani ya mwisho haimo ndani ya eneo. Eneo la [vvar], linalowekwa na kiini cha mfumo, lina alama ya r (linasomeka), lakini ukilisoma kupitia /proc/PID/mem unapata EIO, yaani kosa la usomaji. Liruke tu.

"Kusoma baiti nne nne ni rahisi na kunatosha." Ni rahisi, ndiyo. Ila kila wito wa ReadProcessMemory, unaosoma kumbukumbu ya mchakato mwingine kwenye Windows, unavuka kwenda kwenye kiini cha mfumo na kurudi. GiB 1 kwa baiti nne nne ni wito 268,435,456. Kwa bafa (hifadhi ya muda) ya MiB 1 ni wito 1,024. Soma kwa bafa, tafuta ndani yake. Kama unatafuta mfuatano wa baiti L, beba baiti L−1 za mwisho uziweke mwanzo wa bafa inayofuata, la sivyo kilichokatwa katikati kitakuponyoka kimyakimya.

"Usomaji ukishindwa, kipekuzi kina hitilafu." Mara nyingi sivyo. Programu lengwa inaendelea kukimbia, na eneo ulilolikuta sasa hivi linaweza kuachiwa kabla hujalisoma. Kosa namba 299 linasema sehemu tu ya ulichoomba ndiyo ilisomeka. Jaribu tena ukurasa kwa ukurasa, au songa mbele. Usiite exit.

"1000 ni 1000." Kama nambakamili ya biti 32, 1000 hukaa E8 03 00 00. Kama float (namba ya desimali ya biti 32) ni 00 00 7A 44. Kama double (ya biti 64), 00 00 00 00 00 40 8F 40. Halafu skrini inayoonyesha 100 huenda inakadiria 99.6, kwa hiyo thamani zenye desimali zitafute kwa masafa, si kwa usawa kamili.

"Msako mmoja unatosha." Jaribu kutafuta 0 uone: matokeo ni mengi mno. Badilisha thamani ndani ya programu, kisha soma upya anwani ulizohifadhi tu, ukiondoa zisizolingana. Rudia. Kumbuka gharama: anwani ya baiti 8 na thamani ya baiti 4 hujazwa hadi baiti 16 ndani ya struct, hivyo matokeo milioni 10 hula MB 160.

"Anwani niliyoipata nitaitumia kesho." Maeneo hupangwa kwa nasibu programu inapoanza (moduli za Windows, kwa kawaida, mashine inapowashwa upya), Windows ina utaratibu huo tangu Vista, Linux tangu 2005. Kwa kigeu cha jumla, hifadhi umbali wake kutoka mwanzo wa moduli (faili la programu au maktaba lililopakiwa). Kilichotengwa wakati programu ikikimbia hukifikii hivyo, lazima ufuate pointa (vigeu vinavyobeba anwani) zinazokielekea. Jenga kipekuzi kwa biti 64, maana pointa ya biti 32 haiwezi kubeba anwani inayozidi GiB 4, na matokeo yake ni anwani zilizokatwa zinazoonekana halali.