Je, tokeni ya daraja ikizeeka hupanda bei?

Mjomba alisoma Detroit miaka ya 60. Alipofariki, mkebe wake wa Kimbo ulinifikia mimi hapa Umoja. Ndani yake mlikuwa na tokeni ya kuvukia Ambassador Bridge, daraja lililofunguliwa 1929 kuunganisha Detroit na Windsor ya Kanada, pamoja na senti kumi ya tundu ya mwaka 1936. Niliamini kwa moyo wote kwamba nimeokota kiwanja. Vitu vya kale hivyo, vitakosaje kuwa mali?

Imani hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu ukiahidi mamilioni kwa sarafu kuukuu, mradi kwanza utume "ada ya usajili". Unanasa watu kwa sababu unatumia kosa lilelile langu: kudhani kwamba umri ndio bei. Sivyo. Zipo sarafu za Waroma zenye zaidi ya miaka 1,600 ambazo bei yake haifiki ya viatu vya mtumba.

Tokeni ninayosema si zile namba za stima. Ni kipande cha chuma ambacho dereva alikinunua mapema, mara nyingi kwa punguzo, akakitoa kwenye lango la daraja badala ya pesa.

Ili uelewe bei yake, fikiria chupa ya soda. Ukimaliza kunywa, chupa hurudi dukani, kisha kiwandani, kisha inarudi tena kwako. Inayosalia nyumbani ni ile iliyosahaulika nyuma ya mlango. Tokeni nayo huzunguka hivyo, kutoka langoni hadi mfukoni, kisha langoni tena. Siku ada ya kuvuka inapopanda, mwenye daraja hataki watu wapite kwa tokeni walizozirundika kwa bei ya jana. Huzikusanya, akaleta za umbo jipya. Akiziyeyusha zote za zamani, zinabaki zile tu zilizosahaulika kwenye droo na mifuko ya makoti, na hizo huwa adimu. Akiuza masalio kwa magunia, kila mtu anayo. Kwa hiyo tokeni mbili za mwaka mmoja zaweza kupishana bei sana, na umri hauna neno hapo.

Hata uadimu peke yake hautoshi. Lazima pawe na anayeitafuta. Wakusanyaji wa tokeni za usafiri Marekani wana chama chao tangu 1948, American Vecturist Association, na orodha inayoipa kila tokeni namba kufuata jimbo na mji. Daraja lenye wapenzi wengi hupandisha bei. Daraja la kijijini lisilokumbukwa na mtu halipandishi, hata zikibaki tokeni tano.

Senti ya mjomba inaonyesha jambo hili vizuri mno. Juu ya tundu pana taji, na jina limezunguka: EDWARDVS VIII, yaani Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, akaacha kiti Desemba 1936, wakati sarafu zake za Uingereza zilikuwa bado za majaribio. Moja ya dhahabu iliuzwa pauni milioni 1 mwaka 2020. Lakini sarafu zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, kwa hiyo hazikungoja picha yake, jina lilitosha. Zikapigwa kwa mamilioni. Mfalme ni yuleyule, mwaka ni uleule, na senti hiyo kwa kawaida huuzwa dola chache tu.

Ukiwa nayo, itazame kwa lenzi kabla hujaulizia bei. Huenda ukaona herufi ndogo H au KN, alama za viwanda vilivyoipiga, na wakusanyaji huzitofautisha. Hali yake nayo huhesabiwa, kwa hiyo usiisugue. Mimi niliisugua ya mjomba kwa majivu na ndimu ili ing'ae, na sasa zile pembe za ndovu zilizo kando ya tundu zina mikwaruzo isiyofutika.