Udongo wa msingi nao huchafua mto

Kwenye saiti nyingi za ujenzi utasikia kwamba udongo uliochimbwa hauwezi kuchafua mto, eti mto wenyewe una udongo. Si kweli. Kwenye miteremko ya Arusha, mvua kubwa moja ya masika inatosha kuuteremsha hadi mto Themi au Naura. Maji hugeuka tope, mayai ya samaki hufunikwa, na mitaro ya mtaani huziba.

Fyeka sehemu ya kujenga tu. Lundo la udongo likae mbali na mfereji, lifunikwe turubai. Upande wa chini wa kiwanja, simamisha kitambaa cha kuchuja tope kwenye vigingi, kikikingama mteremko, na uzike ukingo wake sentimita 15 hivi. Wengi huruka hatua hiyo, maji yakapita chini kana kwamba hakuna kitu. Usikitege katikati ya mfereji, mkondo utakiangusha.

Maji ya kuoshea toroli na mashine ya zege ni mabaya zaidi, ingawa huonekana ya kawaida: saruji huyapandisha pH (kipimo cha uasidi na ualkali) hadi 12, yakachoma ngozi na kuua samaki. Yamwage kwenye shimo lililotandikwa nailoni. Masalia yakishakauka, yavunje uyatumie kama kifusi.