Antivairasi ya Bure Si Lazima Iwe Dhaifu

Wengi wanaonunua laptopu ya mitumba hapa Nairobi huamini kwamba antivairasi ya bure haikamati kitu, hivyo afadhali fundi akuwekee ile ya kulipiwa iliyokrakiwa, yaani iliyochezewa ili itumike bila kulipiwa. Sivyo, na ushauri huo ni hatari.

Windows 10 na 11 huja na antivairasi ya Microsoft Defender ndani yake. Huilipii, haiishi muda, na hujisasisha yenyewe ukiwa na intaneti. Kwa kompyuta ya nyumbani, inatosha. Sasa itazame hiyo iliyokrakiwa: maelekezo yake mara nyingi huanza kwa kukutaka uzime ulinzi uliopo kabla ya kufungua faili. Kwa nini uuzime? Kwa sababu ungelikamata faili hilo! Unalifungua huku kompyuta ikiwa wazi, na ndani yake mna nywila za benki na barua pepe zako zote.

Kuweka antivairasi mbili nako hakuongezi ulinzi. Hugombana na kuifanya mashine iwe nzito.

Ila si kila cha bure ni cha kuaminiwa. Avast, kampuni ya antivairasi ya bure, ilikuwa ikiuza data za tovuti ambazo watumiaji wake walitembelea, na mwaka 2024 Marekani iliitoza dola milioni 16.5.

Leo jioni fungua Start, andika Windows Security, uone kama kuna alama ya kijani inayoonyesha kwamba ulinzi unafanya kazi. Na kama bado unatumia Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo uliza kwanza kama mashine yako inaweza kupokea 11.