Drafti ya NFL: tunayoyaamini na yaliyotokea

Kila Aprili mashabiki wa futiboli ya Kimarekani huwa na orodha zao mkononi: nani atatajwa wa kwanza, nani atateremka, timu gani itajuta. Kwa aliyezoea soka, utaratibu wenyewe ni wa ajabu kidogo. Hakuna ada ya usajili, wala Simba na Yanga kugombea saini ya kijana mmoja hadi usiku wa manane. Hii ndiyo drafti: timu 32 za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, raundi saba. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita hutangulia, na bingwa hufunga foleni. Zamu hizo zinaweza kubadilishwa baina ya timu, na hapo ndipo utamu ulipo.

Napenda drafti kuliko nusu ya mechi za msimu wenyewe. Ndiyo maana yananikera maneno yanayorudiwa kila mwaka kana kwamba yameandikwa kwenye jiwe, kwa sababu vijana wa miaka 21 na 22 huhukumiwa kwayo kabla hawajagusa mpira.

Dhana: Anayechaguliwa mapema ndiye bora, na kipaji hakifichiki

Ukweli upo kwenye drafti ya 2018, na ukitaka kuielewa NFL anzia hapo. Makotabeki watano, yaani wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi, walichukuliwa raundi ya kwanza. Baker Mayfield alikuwa wa kwanza kabisa, Cleveland Browns. Sam Darnold wa 3, New York Jets. Josh Allen wa 7, Buffalo Bills. Josh Rosen wa 10, Arizona Cardinals. Lamar Jackson alisubiri hadi nafasi ya 32, jina la mwisho la usiku ule, Baltimore Ravens walipopanda kumfuata, yaani walipobadilishana zamu na timu nyingine ili wachague mapema zaidi.

Tuzo ya mchezaji bora wa ligi ameichukua Jackson mwaka 2019 na 2023, kisha Allen mwaka 2024. Jackson ni wa mwisho kati ya watano, na Allen ni wa katikati.

Mtazame Allen kwa karibu. Alipomaliza sekondari hakuna chuo kikubwa kilichomtaka, akaanzia chuo cha Reedley huko California, ndipo akaenda Wyoming. Huko pasi zake zilifika kwa asilimia 56 hivi, na wachambuzi wengi wakasema mkono anao, shabaha hana. Msimu wake wa kwanza Buffalo ulikuwa asilimia 52.8, na waliomkosoa wakajiona wameshinda kesi. Mwaka 2020 alifika asilimia 69.2.

Kati ya hapo na hapo kulikuwa na nini? Kocha mkuu, Sean McDermott, alibaki. Brian Daboll, aliyepanga mashambulizi, naye alibaki. Halafu mwaka 2020 Bills wakatoa nafasi yao ya raundi ya kwanza kuwapa Minnesota Vikings ili wampate Stefon Diggs, mdakaji aliyekwisha komaa. (Vikings waliitumia nafasi hiyo kumchukua Justin Jefferson. Ni mara chache biashara humfaa kila aliyekaa mezani namna ile.) Kijana alipewa muda, lugha moja ya mchezo, na mtu wa kumrushia.

Mweke Rosen kando yake. Cardinals walimfukuza kocha baada ya msimu mmoja tu, na Aprili 2019 wakatumia nafasi ya kwanza kumchukua kotabeki mwingine, Kyler Murray. Rosen akapelekwa Miami na hakuota mizizi popote tena. Sisemi angekuwa Allen. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu anayejua, kwa sababu hakupewa mwaka wa pili Arizona.

Darnold ndiye shahidi wangu mkubwa. Miaka mitatu New York chini ya makocha wawili, akaitwa galasa. Akapita Carolina, akakaa benchi San Francisco, kisha mwaka 2024 akapewa usukani Minnesota na timu ikashinda mechi 14 kati ya 17. Mkono ni uleule uliodharauliwa New York.

Kwa hiyo ninaposoma orodha za vipaji, swali langu la kwanza ni nani kocha, ana mkataba wa muda gani, na mstari unaomkinga kotabeki una hali gani. Kipaji ninakiuliza baadaye. Najua mashabiki wengi hufuata mpangilio wa kinyume, na naamini wanakosea.

Dhana: Mbio za yadi 40 hazidanganyi

Kabla ya drafti, vijana hukusanywa Indianapolis wakapimwa: urefu, viganja, kuruka, na mbio za yadi 40 (kama mita 37). Mwaka 2017 John Ross alizikimbia kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo, na Cincinnati Bengals wakamchukua wa 9. Msimu wake wa kwanza hakudaka pasi hata moja. Aliyetajwa mara tu baada yake, wa 10, ni Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs, ambaye hakuna aliyemfuata kwa ajili ya mbio.

Tom Brady alizikimbia kwa sekunde 5.28 na akachukuliwa wa 199 mwaka 2000. Ana pete saba za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL.

Kasi ina kazi yake, hasa kwa wadakaji na wanaowakaba. Xavier Worthy aliivunja rekodi ya Ross kwa 4.21 mwaka 2024, na Chiefs hawakumpa kelele za kumi bora. Walimchukua wa 28, kwenye timu iliyokwisha kuwa na mahali pa kuitumia kasi hiyo.

Dhana: Timu ikilipa sana kupanda, inajua kitu

Usiku uleule wa 2017, timu mbili zilipanda kumfuata kotabeki. Chicago Bears walitoka nafasi ya 3 kwenda ya 2, wakatoa nafasi nyingine tatu juu, kwa ajili ya Mitchell Trubisky. Chiefs walitoka 27 hadi 10, wakatoa na nafasi ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata, kwa ajili ya Mahomes. Zote mbili zilikuwa na uhakika uleule.

Wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa Nobel mwaka 2017, walilichunguza jambo hili na kuonyesha kwamba timu hulipia nafasi za juu zaidi ya thamani yake. Ukichukua wawili wa idara moja waliofuatana kwenye drafti, uwezekano wa yule wa mbele kumzidi wa nyuma yake uko juu kidogo tu ya nusu. Nami naungana nao: timu maskini ikiuza nafasi yake ya juu ikapata tatu au nne, mara nyingi imefanya busara.

Dhana: Asiyechukuliwa mapema amekwisha

Brock Purdy alikuwa wa 262 mwaka 2022, jina la mwisho kabisa, na Februari 2024 aliiongoza San Francisco 49ers kwenye Super Bowl. Kurt Warner hakutajwa kabisa, akapanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi Iowa, kisha akawa mchezaji bora wa Super Bowl ya 34.

Hata hivyo, wanaowataja hawa kama ushahidi kwamba drafti haina maana wamepitiliza upande wa pili. Nafasi ya kufanikiwa hushuka raundi kwa raundi. Purdy na Warner tunawakumbuka kwa sababu ni wachache.

Dhana: Utabiri ukikosea, mtabiri hajui mchezo

Kutabiri kijana atachukuliwa wa ngapi ni kutabiri mawazo ya vyumba 32 vilivyofungwa, na hayo hayana uhusiano mkubwa na jinsi atakavyocheza. Mwaka 2025 wengi walimweka Shedeur Sanders raundi ya kwanza. Alingoja hadi nafasi ya 144, raundi ya tano, Cleveland, nao walikuwa wamekwisha kumchukua kotabeki mwingine, Dillon Gabriel, raundi ya tatu. Mtabiri aliyekosa hapo alikosa namba. Kuhusu mchezaji mwenyewe, uwanja ndio ungesema.

Dhana: Bila kuucheza tangu utotoni, huwezi

Hii nakutana nayo sana Afrika Mashariki, na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi. Ezekiel Ansah wa Ghana aligusa futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza chuoni mwaka 2010. Mwaka 2013 Detroit Lions walimchukua wa 5. Jordan Mailata wa Australia alikuwa mchezaji wa raga ambaye hajacheza mechi hata moja ya mchezo huu Philadelphia Eagles walipomchukua raundi ya saba mwaka 2018. Leo analinda upande wa kushoto wa kotabeki wake, na Februari 2025 alishinda Super Bowl.

Kwetu, Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga hadi Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupita drafti, akaingia uwanjani msimu huohuo. Miaka kumi baadaye NFL ilileta kambi yake ya vijana Nairobi, na tangu 2024 kila timu ina nafasi ya ziada kwenye kikosi cha mazoezi kwa mchezaji wa nje. Kijana mwenye mwili na kasi anayecheza raga Nairobi au Kampala asiambiwe amechelewa. Aulize ni timu gani ina kocha mwenye subira ya kumfundisha, maana Mailata alikaa misimu miwili bila kuanza mechi hata moja, na Eagles hawakumwacha.