Nyani wa milimani haishi kwa ndizi

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaozunguka kwenye magrupu: eti chakula cha asili cha nyani ni ndizi, kwa hiyo kiangazi kikiingia nyani wa milimani hufa njaa wasipopelekewa matunda. Si kweli.

Chukua gelada, jamii ya nyani wa milima ya Simien, Ethiopia, wanaoishi hata zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hakuna migomba. Majira ya mvua hukaa kitako wakichuma majani mabichi ya nyasi kwa kidole gumba na cha shahada. Humo hupata protini. Nyasi zikitoa mbegu, hugeukia mbegu. Majani yakikauka, huchimba ardhini mizizi na matunguu yenye wanga.

Unaweza kuhakiki: tazama video ndefu ya gelada porini, uangalie mikono inachuma nini. Watu huchanganywa na katuni, na nyani wa barabarani wanaorushiwa ndizi na wapita njia. Kupenda kitamu si ushahidi (mtoto naye hupenda peremende). Tena kuwalisha huwazoesha kunyang'anya watu.

Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.