Sonko, Mombasa na mstari mmoja wa Katiba

Julai 2022 kulikuwa na siku mbili zilizowachanganya watu wengi hapa Mombasa. Jumatano tarehe 13, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliiagiza IEBC, tume ya uchaguzi, ipokee karatasi za kugombea za Mike Sonko, gavana wa Nairobi aliyebanduliwa, ambaye sasa alikuwa anautaka ugavana wa kaunti yetu kwa tiketi ya chama cha Wiper. Ijumaa tarehe 15, Mahakama ya Juu kule Nairobi ikaitupa rufaa yake ya kupinga kubanduliwa, na safari yake ikaishia hapo. Jioni ile nilipofika barazani, mzee mmoja jirani yangu hakungoja hata nikae. "Wakili, juzi agombee, leo asigombee. Sheria imebadilika lini?"

Kazi yangu ni sheria za ugatuzi, na swali lile nimekuwa nikilijibu kwa mdomo tangu siku hiyo. Uchaguzi wa 2027 hauko mbali, na majina yenye historia kama ile yatarudi. Ni heri niyaandike majibu.

Sheria haikubadilika. Katiba, Kifungu cha 180, inasema anayetaka ugavana lazima awe mtu anayestahili kugombea uwakilishi wadi. Masharti ya mwakilishi wadi yamo katika Kifungu cha 193. Mtu aliyepatikana, kwa mujibu wa sheria yoyote, kuwa alitumia vibaya ofisi ya umma au alikiuka Sura ya Sita ya uongozi na maadili, huyo hastahili. Kifungu cha 75 nacho kinamfungia mtu aliyeondolewa kwa kosa la maadili asishike ofisi nyingine ya serikali. Mpaka hapo hata mtoto wa shule anaelewa. Lakini mwisho wa Kifungu cha 193 kuna mstari wa tatu: mtu hazuiwi mpaka nafasi zote za rufaa au mapitio ziwe zimekwisha.

Huo ndio mstari uliozaa zile siku mbili. Sonko alibanduliwa na bunge la kaunti ya Nairobi tarehe 3 Desemba 2020 kwa kura 88, na Seneti ikakubali tarehe 17 mwezi huohuo, kura 27 dhidi ya 16. Alikwenda Mahakama Kuu akashindwa Juni 2021. Akaenda Mahakama ya Rufaa akashindwa Machi 2022. Ikabaki Mahakama ya Juu. Kwa hiyo tarehe 13 Julai bado alikuwa na ngazi moja mbele yake, na majaji wa Mombasa walisema haki yake ya kugombea haijafa. Tarehe 15 ngazi hiyo ikaisha. Hukumu mbili, mstari uleule.

Sasa jiulize: rufaa ile ingesikizwa Septemba, baada ya kura ya Agosti, ingekuwaje? Jina lake lingekuwa kwenye karatasi ya kura. Kilichoamua ni kalenda ya mahakama, na hapo ndipo moyo wangu unaponiuma kila uchaguzi. Mpiga kura anakaa akisema, "kama ana makosa, korti itamzuia." Korti haina wajibu wa kuharakisha rufaa ili wewe upate debe safi. Kumchunguza mgombea ni kazi yako, na unaifanya kabla korti haijamaliza yake.

Tulimchunguzaje Sonko hapa Mombasa? Nikikumbuka mazungumzo ya mitaani mwaka ule, tulizungumza dhahabu shingoni, kisa cha kutoroka kwake gereza la Shimo la Tewa miaka ya tisini, na Sonko Rescue Team, kikosi chake cha misaada. Siwadharau hata kidogo waliosaidiwa na kikosi kile. Mtu aliyeletewa maji bure, au gari la kumbeba maiti wake bila kulipa, ana haki ya kushukuru. Ila gavana haombi kura ili atoe mfukoni mwake. Anaomba kukabidhiwa bajeti, wafanyakazi na sahihi ya serikali. Mtu aliyekwisha kushika ofisi ya namna hiyo anachunguzwa kwa jinsi alivyoishika, na Sonko alikuwa ameshika Nairobi tangu Agosti 2017.

Mimi ningeanza na naibu. Polycarp Igathe alijiuzulu unaibu gavana Januari 2018, miezi mitano tu baada ya kuapishwa. Machi mwaka huo Mahakama ya Juu ikatoa ushauri kwamba kiti cha naibu kikiwa wazi, gavana apeleke jina ndani ya siku 14 na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60. Mei, Sonko alipeleka jina la Miguna Miguna, ambaye serikali ilikuwa imemfurusha nchini miezi michache tu nyuma. Halikupita. Januari 2020 akamtaja Anne Kananu, jina hilo nalo likakwama mahakamani. Nairobi ikakaa karibu miaka mitatu bila naibu gavana.

Huenda ukadhani hilo ni jambo dogo la vyeo. Desemba 2019 Sonko alikamatwa, akashtakiwa kwa ufisadi, na mahakama ikamzuia asiingie ofisini. Nani akaimu? Hakuna. Alipobanduliwa mwaka uliofuata, Katiba ikamleta Spika Benson Mutura kukaimu, uchaguzi mdogo ukapangwa Februari 2021, kisha ukasimamishwa na mahakama. Kananu akaidhinishwa kuwa naibu Januari 2021 na kuapishwa kuwa gavana Novemba. Watu wa Nairobi wakamaliza muhula wao chini ya gavana ambaye hawakuwahi kumpigia kura, kwa sababu kiti kimoja kiliachwa wazi.

Jambo la pili ni mkataba wa tarehe 25 Februari 2020. Siku hiyo katika Ikulu, Sonko alitia sahihi ya kuikabidhi serikali kuu majukumu manne ya kaunti: afya, uchukuzi, kazi za umma, na mipango ya maendeleo. Kifungu cha 187 kinaruhusu makabidhiano ya aina hiyo, kwa hiyo sisemi kwamba jambo lenyewe ni haramu. Majukumu yakaenda kwa shirika jipya la serikali kuu, Nairobi Metropolitan Services (NMS), chini ya Mohammed Badi, mwanajeshi. Baadaye Sonko akaulalamikia mkataba ule, akisema alihadaiwa, na akakataa kuidhinisha bajeti ya shilingi bilioni 37.5 ambayo bilioni 27.1 zake zilikuwa za NMS.

Wapo mawakili wenzangu waliomtetea hapo, kwamba alikuwa anaulinda ugatuzi. Nimewasikiliza. Lakini mtu anayeulinda ugatuzi anasoma kabla ya kutia sahihi, anapeleka karatasi kwa wakili wa kaunti na kwa bunge lake kwanza. Na mgombea aliyeachia hospitali za Nairobi ziende mikononi mwa watu wengine, alipokuja kuomba hospitali zetu hapa alipaswa kuulizwa swali hilo katika kila mkutano. Mikutano niliyohudhuria, sikulisikia hata mara moja.

Haki itendeke pande zote. Kubandua gavana ni jambo la kisiasa tangu linapoanza. Hoja inaletwa na wanasiasa, kura inapigwa na wanasiasa, na mwaka 2020 Sonko alikuwa amekosana na wakubwa wa chama chake cha wakati huo, Jubilee. Tena Desemba 2022 mahakama ya ufisadi ilimwachilia katika kesi moja ya shilingi milioni 20 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Wafuasi wake huniletea hukumu hiyo wakiniuliza kwa nini basi asirudishiwe haki yake ya kugombea. Jibu ni kwamba hizi ni njia mbili. Kesi ya jinai inataka ushahidi usioacha shaka ili mtu afungwe. Kubanduliwa kunauliza kama mtu huyu anafaa kuendelea kushika ofisi, na Sheria ya Serikali za Kaunti inataka thuluthi mbili ya wawakilishi wote wa kaunti na kisha zaidi ya nusu ya wajumbe 47 wa kaunti katika Seneti. Kuachiliwa katika njia moja hakufuti kilichoamuliwa katika nyingine.

Nikishauriwa leo na mtu anayetaka kumjua mgombea wake, namtuma kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge. Ile ya Seneti ya tarehe 16 na 17 Desemba 2020 ipo wazi na haina malipo. Humo unamsikia Sonko mwenyewe akijitetea, unawasikia wawakilishi wadi wakitoa ushahidi, na unaona seneta wako alipigaje kura. Nyingine ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya kila kaunti, ya kila mwaka. Ni nzito kusoma, lakini tafuta mambo mawili tu: kama mkaguzi aliridhika na vitabu, na deni ambalo kaunti haijawalipa wakandarasi wake.

Wiki iliyofuata nilimchapishia yule mzee Kifungu cha 193 kwa Kiswahili, nikampelekea barazani. Alivaa miwani akasoma polepole, kidole kikifuata mistari, akasimama kwenye ule wa tatu.

"Na huu, mwanangu, aliuweka nani?"

Nikamwambia uliwekwa kwa kura ya maoni, tarehe 4 Agosti 2010. Alinyamaza kidogo, kisha akasema siku hiyo alifika kituoni kabla ya alfajiri akapiga Ndiyo, na kwamba hakuna aliyemsomea ukurasa huu.