"Niliambiwa na mwenzangu": ushauri wa wawekezaji wa nyumba za kupangisha

Malalamiko mengi tunayopokea kuhusu nyumba za kupangisha siku hizi huanza hivi: "Niliambiwa na mwenzangu mwenye nyumba sita." Hatuna ugomvi na mwenye nyumba sita. Mara nyingi amesema kweli, ila kuhusu nyumba zake.

Bwana mmoja alituwekea mezani risiti ya mafuta, nyuma yake kaandika hesabu aliyofundishwa: pango la mwezi mara 12, gawa kwa bei ya nyumba. Akapata asilimia 12, akakopa. Hesabu haina kosa, imekatishwa tu njiani. Tukachukua kalamu tukaendelea. Tuseme nyumba imenunuliwa kwa 100, pango ni 1 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 12. Ikikaa tupu mwezi mmoja, 11. Matengenezo, bima, kodi ya majengo na ujira wa msimamizi vikila 4, inabaki 7. Sasa, kati ya ile 100 alikopa 70, na riba ya asilimia 14 kwa mwaka juu ya 70 ni 9.8. Hajapunguza deni hata kidogo, na tayari anatoa mfukoni 2.8. Mwenzake alinunua kwa fedha taslimu.

Ile kanuni ya asilimia 1, kwamba pango la mwezi lisipungue asilimia 1 ya bei, ilienea kwa wawekezaji wa Marekani, ambako mkopo wa nyumba wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika ni jambo la kawaida. Ni chujio la haraka. Si kibali cha kununua, hasa kwa mkopo wa miaka saba ambao riba yake hupanda.

Kwa hiyo usimuulize mwenzako "ninunue?" Muulize nyumba yake ilikaa tupu miezi mingapi, fundi alikula kiasi gani mwaka jana, na mpangaji aliyegoma kulipa alitoka baada ya muda gani na kwa utaratibu upi. Muulize pia, bila aibu, kama dalali au muuzaji atampa chochote ukinunua.

Tuje kwenye kodi. Kiswahili chenyewe kinatuponza: kodi unayopokea kwa mpangaji na kodi unayodaiwa na serikali ni neno moja, na wapo wanaodhani ya kwanza inafuta ya pili. Maelezo haya ni ya jumla, hayachukui nafasi ya sheria inayokuhusu. Katika nchi nyingi, adhabu ya kuchelewa kuwasilisha ritani (fomu ya kutangaza mapato yako kwa mamlaka ya kodi) ni tofauti na adhabu ya kuchelewa kulipa, na riba ya deni huhesabiwa kando. Unaweza kuadhibiwa kwa kutowasilisha ritani hata kama nyumba ilikaa tupu na hudaiwi kitu. Panapotozwa kodi kwenye faida, kuziba paa linalovuja ni matengenezo, hukatwa kwenye mapato ya mwaka huo. Kuongeza chumba huingia kwenye gharama ya nyumba. Panapotozwa kodi kwenye pango ghafi, yaani pango lote kabla ya kutoa gharama, hukati chochote, na ushauri wa mwenzako aliye chini ya utaratibu mwingine unakuponza hapo hapo. Rejesho la mkopo, ukiondoa riba, si matumizi ya kukatwa kwenye mapato. Narudia: si matumizi. Amana ya mpangaji si mapato yako maadamu utairudisha. Na hapana, kuandika mkataba kwa jina la mtoto hakufuti kodi.

Kama umeshafuata ushauri wa mwenzako na umechelewa kuwasilisha ritani au kulipa, njoo mwenyewe kabla hujafuatwa na mamlaka ya kodi; sehemu nyingi hupunguza adhabu kwa anayejitokeza kwa hiari. "Niliambiwa" haipunguzi. Leta mikataba ya upangaji, taarifa za benki, hati ya mkopo na risiti za mafundi. Hata ile risiti yenye hesabu nyuma ilete, tuone ulipoishia. Mwenye nyumba sita si lazima aje.